Wafunge Kamati Hadi Januari?

Jumapili moja baada ya ibada tulibaki katika ukumbi wa chini wa kanisa letu hapa Lexington, tukinywa chai ya maziwa iliyokwisha kupoa, na mazungumzo yakaangukia kodi. Mzee mmoja wa kutoka Bujumbura, ambaye ameendesha malori katika jimbo hili la Kentucky, Marekani, kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tulivyoishi hapa, alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba bunge la jimbo lilifunga kikao chake tangu Aprili, lakini kamati zake zingali zikikutana kila mwezi huko Frankfort, makao makuu ya jimbo, na kwamba mbunge hulipwa kwa kila siku anayohudhuria. Akailaza simu mezani kifudifudi.

"Bunge wamelifunga, ila kula hawajaacha," alisema. "Kama kweli wanataka kubana matumizi, si wazifunge na hizo kamati hadi Januari?"

Meza nzima ikaitikia. Mimi nilinyamaza, kwa sehemu kwa sababu ya umri wake, na kwa sehemu kubwa zaidi kwa sababu sikuwa na jibu ambalo lingekwisha kabla ya kikombe cha chai. Nimelifikiria kwa majuma kadhaa, na nimeona heri niliandike.

Bunge la Kentucky lina watu 138, yaani maseneta 38 na wawakilishi 100, na katiba ya jimbo imewapimia siku zao kwa kibaba. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili hawaruhusiwi kuzidi siku 60 za kazi, na ni lazima wawe wamemaliza ifikapo tarehe 15 Aprili. Katika miaka mingine ni siku 30 tu, na mwisho ni tarehe 30 Machi. Zamani mambo yalikuwa finyu zaidi, kwa kuwa bunge lilikutana mara moja tu kila baada ya miaka miwili, hadi wapiga kura walipokubali kubadilisha katiba mwaka 2000 na kile kikao kifupi kikaanza mwaka 2001. Kwa hiyo katika mwaka wa bajeti, bunge linaamua matumizi ya miaka miwili ndani ya miezi mitatu na nusu, kisha milango inafungwa kwa zaidi ya miezi minane.

Katika miezi hiyo ndipo kamati za kudumu za Seneti na zile za Baraza la Wawakilishi zinapoungana na kukaa pamoja, kuanzia Juni hadi Desemba. Hazina uwezo wa kupitisha muswada hata mmoja. Kazi yake ni kuita watu, kuuliza, kudai nyaraka na kusikiliza, ili Januari ikifika pawe na wabunge kadhaa wanaolijua jambo kabla halijaandikwa kuwa sheria.

Nataka kuwa mkweli kuhusu shaka ya yule mzee, kwa maana naijua inakotoka. Nilikulia Kenya, na kwetu neno "kamati" halimjii mtu kichwani likiwa peke yake. Huja likiwa limeongozana na marupurupu, na semina ya siku tatu katika hoteli ya ufukweni ambayo ingeweza kufanyika ofisini kwa asubuhi moja. Wengi wetu tuliohamia huku tumeona kamati ikiundwa ili jambo lizikwe kwa heshima. Hata Frankfort mambo hayo yapo. Vikao hivi hurushwa mtandaoni, na mtu mwenye subira anaweza kumtazama mkuu wa idara fulani akisoma neno kwa neno maandishi ambayo kila mjumbe anayo mbele yake, huku viti vikibaki wazi kimoja baada ya kingine mara tu mahudhurio yanapokwisha kuitwa. Kuna vikosi kazi, yaani kamati za muda za kuchunguza jambo moja, ambavyo ripoti zake, nina hakika, zimefunguliwa na watu wachache kuliko walioziandika. Hayo siyatetei.

Lakini tuhesabu fedha, maana hoja yenyewe ni ya fedha. Bunge hili lina ofisi yake ya utafiti, iliyoanzishwa mwaka 1948, yenye wanasheria, wachumi na waandishi wa miswada ambao hulipwa mshahara mwaka mzima, kamati zikutane zisikutane. Jengo la Annex lililo nyuma ya jengo kuu la bunge litaendelea kuwashwa taa na kupozwa hewa. Kinachookolewa ukisimamisha kamati ni posho ya siku ya mjumbe, fedha za mafuta ya gari na malazi ya wale wanaotoka mbali. Nifanye makadirio yangu mwenyewe: tuseme kila mjumbe hugharimu dola 400 kwa siku, kila kamati ina wajumbe 30, na kamati zote kwa pamoja hukaa mara 100 kati ya Juni na Desemba. Hiyo ni dola milioni 1.2. Mfuko mkuu wa jimbo hukusanya zaidi ya dola bilioni 15 kwa mwaka. Akiba yote hiyo, basi, haifiki senti moja katika kila dola mia moja ya mapato.

Mtu atasema, na ni haki yake kusema, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba hiki kina tundu, na tundu lenyewe lina tarehe.

Tarehe 29 Machi 2018 kulikuwa na muswada namba 151 wa Seneti uliohusu huduma za maji taka. Alasiri ya siku hiyo maneno yote ya maji taka yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa kurasa 291 za mageuzi ya pensheni za watumishi wa umma, walimu wakiwa miongoni mwao. Kufikia usiku mabunge yote mawili yalikuwa yameupitisha. Walimu walimiminika Frankfort kwa maelfu siku chache baadaye, na watu wa hapa hadi leo wanauita kwa jina la majitaka. Desemba 13 ya mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kentucky iliubatilisha kwa kauli moja, na sababu haikuwa pensheni yenyewe. Ni kwamba katiba inataka muswada usomwe mara tatu katika siku tatu tofauti katika kila bunge, na kilichokuwa kimesomwa siku zilizotangulia ni maji taka. Siku nne baadaye gavana wa wakati huo, Matt Bevin, aliwaita wabunge usiku kwa kikao maalumu, wakaja, na siku iliyofuata wakafunga bila kupitisha chochote. Kikao maalumu hugharimu zaidi ya dola 60,000 kwa siku.

Sitaki kuitumia habari hii kuliko inavyobeba. Kamati zilikuwapo mwaka 2017, na suala la pensheni lilikuwa limejadiliwa humo kwa saa nyingi. Kuna hata bodi ya usimamizi wa pensheni ya bunge iliyoundwa mwaka 2013 ambayo hukaa mwaka mzima. Kuwa na kamati hakukuwazuia watu waliokuwa na haraka. Hata hivyo, angalia kilichowaangusha: waliruka hatua ya kusomwa na kusikilizwa, wakarudi kulilipia jambo lilelile mara ya pili, mahakamani na katika kikao maalumu, na mwisho wake wakabaki walipoanzia. Anayependekeza tuondoe miezi ya kusikiliza anapendekeza kwamba haraka ya Machi iwe ndiyo desturi ya mwaka mzima.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana katika ukumbi wa kanisa, nao ni gavana. Bunge likifunga, serikali haifungi. Idara zinaandika kanuni zenye nguvu ya sheria, zinasaini mikataba na makampuni, zinauza hati fungani za majengo. Kwa kila moja ya kazi hizo bunge lina kamati ndogo inayokaa kila mwezi kuzipitia: moja ya kanuni, moja ya mikataba, moja ya miradi mikubwa na madeni yake. Nguvu yao si kubwa. Mwaka 1984, katika kesi ambayo ofisi ya utafiti ya bunge ilikuwa upande mmoja na Gavana John Y. Brown upande wa pili, Mahakama ya Juu iliamua kwamba bunge haliwezi kuzikabidhi kamati zake mamlaka ya kutunga sheria wakati lenyewe halijakaa, na kwa hiyo kamati haiwezi kuizuia kanuni ya serikali kwa kura ya wajumbe wachache. Wanachoweza ni kuitangaza kuwa na kasoro, kumweka ofisa wa idara kwenye kiti na kumuuliza mbele ya kamera kwa nini mkataba umeongezewa fedha mara ya tatu.

Ni kidogo, lakini ukiondoa hicho, kati ya Aprili na Januari hakuna mtu aliyechaguliwa na wananchi nje ya serikali yenyewe mwenye haki ya kumuuliza ofisa yule swali akalazimika kujibu. Na bunge haliwezi kujiita lenyewe. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliposomba nyumba na kuua watu zaidi ya 40 mashariki ya Kentucky, wabunge walisubiri hadi Gavana Andy Beshear alipowaita mwishoni mwa Agosti, ndipo wakapitisha msaada wa zaidi ya dola milioni 200 kwa siku tatu. Novemba ya mwaka huo waliwaomba wapiga kura wabadilishe katiba ili bunge liweze kujiita katika vikao maalumu, na wapiga kura wakakataa. Binafsi sikuona ubaya wa kukataa huko. Ila tulipokataa, tulikuwa tumeamua, hata kama hatukulisema hivyo, kwamba kwa miezi minane kamati hizi ndizo jicho pekee litakalobaki wazi. Kulifumba nalo kwa sababu ya posho ni jambo jingine kabisa.

Majimbo mengine yamewahi kuonja kidogo. Huko Texas, ambako bunge hukaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulivunja vikao vya kati, na kamati za Baraza la Wawakilishi zikawa zinaomba maoni kwa maandishi badala ya kuita watu. Haikuwa kwa ajili ya fedha, lakini inaonyesha kinachotokea. Maoni ya maandishi huandikwa na nani? Huandikwa na vyama vya wafanyabiashara, na makampuni ya bima, na mashirika yenye mwanasheria ofisini. Mtu anayesafisha vyumba vya hoteli usiku haandiki kurasa sita zenye tanbihi. Kule New Mexico, ambako wabunge hawana mshahara kabisa ila posho, gavana alifuta bajeti nzima ya bunge kwa kalamu yake mwaka 2017, na mwaka huohuo gavana wa Minnesota akafanya vilevile. Katika majimbo yote mawili fedha zilirudishwa baadaye, baada ya mvutano na wanasheria wengi. Wale wawili walikuwa wa vyama tofauti, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni tabia ya chama fulani. Fedha za bunge zikishaonekana kuwa anasa inayoweza kusimamishwa, atakayefurahi wa kwanza ni yule ambaye bunge linamchunguza.

Kama ni kupunguza, mahali pa kupunguza papo. Tangu mwaka 2020 wajumbe wamezoea kujiunga kwa video, na sioni kwa nini mjumbe wa kutoka Paducah, aliye karibu na Mto Mississippi kuliko alivyo karibu na Frankfort, aendeshe gari saa nne kuja kusikia taarifa ya dakika ishirini. Vikosi kazi vipunguzwe. Idara zitume maandishi yao juma moja kabla, na siku ya kikao zijibu maswali tu. Ila kuna kitu kimoja ambacho wabana matumizi hukitaja kwanza na mimi ningekigusa mwisho, nacho ni safari za kamati nje ya Frankfort. Kamati ya kilimo imekuwa na mazoea ya kukaa Agosti kwenye maonyesho ya jimbo kule Louisville, katikati ya harufu ya ng'ombe na mahindi ya kuchoma, na wapo wanaocheka kwamba wabunge wameenda kula. Huenda wamekula. Lakini mkulima aliyeleta ndama wake pale alisimama mita chache kutoka kwao, naye asingefika Frankfort.

Nimeahirisha sababu yangu ya kweli hadi hapa kwa kuwa si hoja, ni kisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa Uvira, mashariki ya Kongo, ambaye kwao alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne na huku alikuwa akitandika vitanda vya hoteli, kwenda katika kikao cha kamati iliyokuwa ikizungumzia upungufu wa wauguzi. Nilikwenda kama mkalimani. Kilichowezesha safari ile ni jambo dogo sana: kikao kilikuwa kimetangazwa mapema, kwa hiyo alipata nafasi ya kumwomba msimamizi wake ruhusa na kubadilishana zamu na mwenzake. Wakati wa kikao chenyewe cha bunge, Februari na Machi, mambo hayaendi hivyo. Ratiba ya kamati inaweza kutoka leo kwa ajili ya kesho, muswada ukabadilishwa asubuhi ileile, na mwenye zamu ya kazi akaja kusikia matokeo redioni. Wanaoweza kuja kwa taarifa ya siku moja ni wale wanaolipwa ili waje.

Tulifika saa moja kabla. Tulijiandikisha kwenye karatasi iliyokuwa mlangoni, yeye akiandika jina lake kwa herufi kubwa na kulirudia pembeni kwa sababu kalamu ilikuwa inakwama. Alikuwa amevaa kitenge na juu yake koti zito, ingawa ilikuwa Septemba, kwa kuwa nilimwonya kuhusu baridi ya kiyoyozi. Mkononi alikuwa na bahasha ya nailoni yenye cheti chake cha uuguzi, ambacho kona moja ilikuwa imeliwa na maji. Walipomwita alikaa mbele ya kipaza sauti, nikakaa kando yake, nikambonyezea kitufe hadi taa ikawaka. Alisema kwa dakika tatu. Hakulalamika. Alieleza amezalisha watoto wangapi, na kwamba ameambiwa aanze masomo upya kwa sababu shule aliyosoma haina mtu wa kujibu barua.

Nilidhani watamshukuru na kuendelea, kama walivyofanya kwa waliotangulia. Seneta mmoja mzee, ambaye hadi wakati ule alikuwa akipekua karatasi, aliinua kichwa akauliza: kama shule haijibu, ni kitu gani kingine angeweza kuonyesha ili mtu aamini kwamba anaijua kazi? Nilitafsiri. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kikaichukua:

"Mwanangu, ananiuliza mimi?"

"Ndiyo, Mama. Anakuuliza wewe."

Akafikiri. Kisha akasema wampeleke katika wodi yoyote, wamweke chini ya muuguzi wao yeyote kwa mwezi mmoja, na wasimlipe. Seneta aliandika kitu. Baadaye, tulipokuwa korido, kijana mmoja wa ofisi ya utafiti alitufuata na kuomba namba yake ya simu, na majuma mawili baada ya hapo akapiga kuuliza mambo ambayo yalinionyesha kwamba alikuwa amekaa na kuyasoma. Swali lile halikuwa na muswada nyuma yake, wala kura, wala saa ya mwisho. Mwezi wa Machi lisingeulizwa, kwa sababu Machi hakuna anayeuliza kitu asichokuwa tayari ameshakiamua.

Nilimpa mzee wangu kisa hiki Jumapili iliyofuata, pamoja na hesabu ya senti na dola mia moja. Alisikiliza hadi mwisho, akachovya andazi, akatafuna.

"Sawa, wasizifunge," alisema. "Lakini huyo anayeitikia jina na kuondoka, posho asipewe. Mimi nikipeleka lori tupu silipwi."

Hilo nalo nimelifikiria, na sijapata la kumpinga.